Nipe Nikupe Haitoshi

Kitabu cha Robert Axelrod, The Evolution of Cooperation, kilichapishwa mwaka 1984. Mimi nilikisoma wakati ambapo mdogo wangu nami tulikuwa hatusemezani, na nakiri kwamba nilikipenda kwa sababu kilinipa haki.

Axelrod aliwaomba wataalamu wamletee programu za kompyuta zishindane, mbili mbili, katika mchezo unaorudiwa mara nyingi. Zikishirikiana, kila moja hupata pointi 3. Zikisalitiana, pointi 1. Moja ikisaliti na nyingine ikashirikiana, msaliti hupata 5 na mwenziwe sifuri. Katika shindano la kwanza, na hata la pili lililoletewa programu 62, ilishinda ile fupi ya Anatol Rapoport: anza kwa wema, kisha mtendee mwenzako kama alivyokutendea zamu iliyopita. Mimi naiita Nipe Nikupe. Ajabu yake ni kwamba haiwezi kumpita mpinzani yeyote ana kwa ana. Hushinda kwa jumla, kwa kuwavuta wengi washirikiane.

Kasoro ninayoiona ni hii: programu hiyo hujibu tu, haijifunzi. Wawili wa aina hiyo wakikutana, na mmoja akakosea mara moja tu, kosa hilo huenda na kurudi kama mwangwi, na wastani wa kila mmoja hushuka kutoka pointi 3 hadi 2.5. Axelrod mwenyewe aliuona mwangwi huo, akashauri kwamba kisasi kiwe pungufu kidogo ya kosa. Hata hivyo, kwa maoni yangu, jambo hilo lilistahili kukaa katikati ya kitabu, si pembeni.

Mdogo wangu hakuja kwenye arusi ya binti yangu. Nami sikwenda kwenye arusi ya mwanawe. Yeye naye hakuja kwenye msiba wa mkwe wangu. Ilipita miaka saba kabla ya kujulikana kwamba ile kadi yangu ya kwanza haikumfikia kamwe.

Mwaka 2018, Jakob Foerster na wenzake walichapisha majaribio ya programu zinazojifunza. Zile zilizotafuta faida yao tu, kana kwamba mwenzao habadiliki, ziliishia kusalitiana. Zile zilizozingatia kwamba mwenzao naye anajifunza kutokana na matendo yao, zilifika kwenye ushirikiano. Tena zilifika zenyewe kwenye mwenendo wa Nipe Nikupe. Kwa hiyo kanuni ya Rapoport si mbaya. Tofauti iko katika swali lililotangulia. Msomaji wa Axelrod hufunga kitabu akiuliza, "Amenitendea nini?" Programu hizi huuliza, "Ninamfundisha nini?"

Mimi kwa miaka saba nilimfundisha ndugu yangu kwamba simhitaji, naye alikuwa mwanafunzi mwema.

Mwishowe nilikwenda kwake bila kualikwa. Kwa hesabu ya kitabu, haikuwa zamu yangu.