Mafundi wa Maboya ya Pasifiki

Mwaka 1982 El Niño kubwa ilikuwa inakomaa katika Pasifiki, wataalamu wengi wasiwe na habari. Setilaiti zilikuwapo, lakini vumbi la volkano ya El Chichón, Mexico, lilizipotosha: joto la uso wa bahari likasomeka pungufu kuliko lilivyokuwa. Ikabidi bahari ipimwe humohumo majini.

Ndipo Marekani na washirika wake walipoanza kujenga TAO, mtandao wa maboya yapatayo 70 uliokamilika mwaka 1994. Boya lenyewe ni pete nene yenye kipenyo cha zaidi ya mita mbili. Hufungwa kwenye waya, unaoendelezwa na kamba ya nailoni inayoshuka kilomita kadhaa hadi sakafu ya bahari, na nanga yake, amini usiamini, ni magurudumu chakavu ya treni. Vipimajoto hupangwa kwenye waya hadi kina cha mita 500. El Niño ya 1997–98, ile iliyotuletea mafuriko Kenya na Tanzania, ilifuatiliwa siku hadi siku.

Pongezi ziwaendee mafundi. Wao ndio hupanda juu ya boya linaloyumba, wakakwangua viumbe walioganda, wakakata nyuzi za wavuvi na kubadilisha vifaa. Vya zamani hupimwa tena maabara, ijulikane vilikosea kiasi gani.

Meli yao, Ka'imimoana, ilipostaafishwa mwaka 2012, haikupita miaka miwili taarifa za maboya zikaporomoka hadi karibu asilimia 40 ya zilizotarajiwa. Wafadhili wanaopenda kuzindua vifaa vipya walipie pia meli, mafuta na mafundi.