Maana ya Jina na Asili Yake

Vitabu vya majina ya watoto vina desturi moja: jina huandikwa upande huu na maana yake upande wa pili, mithili ya bidhaa na bei. Orodha ya namna hiyo ikipelekwa Sikonge, kusini mwa Tabora, itamfaa mzazi kidogo, na mwanafunzi wa lugha kidogo zaidi.

Mathalani, kwa Wanyamwezi pacha atanguliaye kuzaliwa ni Kulwa, wa pili ni Doto, na mtoto awafuatiaye ni Shija, awe mvulana au msichana. Atafutaye humo sifa ya ushujaa au upole hapati kitu. Yanachotaja ni zamu ya kuzaliwa tu.

Jambo zito limo katika majina yaliyopanda bara pamoja na misafara ya pwani. Orodha husema kwamba Mabruki ni mbarikiwa na Feruzi ni kito cha rangi ya samawati, kisha husimama hapo. Tafsiri ni sahihi, lakini ukweli haujatimia. Haya ni katika majina ambayo mabwana wa Unguja na mrima walipenda kuwapa watumwa wao. Vito na baraka waliviweka kwa watu walionunuliwa. Sidi Mubarak Bombay, aliyefika Kazeh, jirani na Tabora ya leo, pamoja na Burton na Speke mwezi wa Novemba 1857, alikuwa Myao aliyetekwa utotoni akauzwa hata India. Jina lake lina baraka ya Kiarabu na mji wa Kihindi. Neno la kwao halimo.

Haifuati kwamba mzazi wa leo amwitaye mwanawe Feruzi amekosa. Jina lililorithiwa kwa babu limekwisha pata asili nyingine, tena ya heshima. Wa kulaumiwa ni mtungaji wa orodha, aandikaye “kito” akanyamaza.

Mirambo ni kinyume chake. Mtemi huyo, aliyefariki mwaka 1884, hakuzaliwa na jina hilo. Ni la vitani, na aghalabu hufasiriwa kuwa maiti. Hapana orodha ambayo ingethubutu kumshauri mzazi neno kama hilo. Hata hivyo Dar es Salaam ina mtaa wa Mirambo, na wapitao humo hawasikii harufu ya mzoga.