641 ilivyoiangusha 4,294,967,297

Mwaka 1640 Pierre de Fermat, hakimu wa Toulouse aliyependa hesabu kuliko mafaili ya mahakama, aliwaandikia wenzake dai moja: chukua 2, ipe kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea hivyo kwa kuzidisha mara mbili, kisha ongeza 1, kila jibu litakuwa namba tasa. Tano za kwanza zinamuunga mkono: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Ya sita ni 2³² + 1, yaani 4,294,967,297, ambayo kwa bahati imezidi kwa moja tu idadi ya anwani zote za intaneti za mfumo wa IPv4.

Christian Goldbach alimchokoza Leonhard Euler kuhusu dai hilo kwa barua mwaka 1729. Mwaka 1732 Euler, akiwa St. Petersburg, akatangaza kwamba 641 inaigawa namba hiyo bila baki. Njia hakuitaja, maelezo yalikuja miaka mingi baadaye.

Kigawanyo kidogo cha 4,294,967,297 hakiwezi kuzidi kipeuo chake cha pili, ambacho ni kama 65,536, na chini ya hapo zipo namba tasa 6,542 za kujaribu. Euler alizichuja kwanza. Tuseme namba tasa p inaigawa 2³² + 1. Basi 2³² ukiigawa kwa p inapungukiwa moja igawanyike sawasawa, na 2⁶⁴ inabakisha 1. Hakuna kipeo kidogo kuliko 64 kinachobakisha 1. Fermat mwenyewe alishagundua kwamba 2 kwa kipeo cha p − 1 hubakisha 1 pia. Kwa hiyo 64 lazima iigawe p − 1. Zinazobaki ni 193, 257, 449, 577, 641... Jaribio la tano tu, na kazi imekwisha: 641 × 6,700,417, zote mbili tasa.

Vitabu vingi hupenda kuonyesha kwamba 641 = 5 × 2⁷ + 1 na pia 5⁴ + 2⁴, halafu jibu linachomoza kwa mistari miwili. Uthibitisho huo ni mzuri, ila unamfaa aliyekwisha kuijua 641. Hausemi lolote kuhusu namna ya kuipata.

4,294,967,297 pia ni laghai. Ipime kwa 2 kwa kanuni hiyo ya Fermat ya p − 1, itafaulu kana kwamba ni tasa. Ipime kwa 3, inaumbuka. Huenda ndiyo iliyomponza Fermat. Lakini simtetei sana: 641 ni namba tasa ya 116, na hata mtu anayegawa moja baada ya nyingine bila akili yoyote angeifikia.

Namba 27 zinazofuata 4,294,967,297 katika mfululizo wa Fermat zimeshachunguzwa. Hakuna hata moja iliyo tasa.