Mjane au mjanja? Msamiati wetu na wapendanao wa Diani

MIEZI kadhaa iliyopita nilikwenda kuhani Ukunda, katika mtaa ulio nyuma ya barabara kuu ya Likoni kuelekea Lungalunga. Marehemu alikuwa mama wa Kijerumani wa miaka sabini na ushei. Alikuwa amesilimu, akafungishwa ndoa na kadhi, na akaishi na mumewe Mdigo kwa zaidi ya miaka kumi. Mume bado yumo katika miaka ya arubaini. Miaka mitatu ya mwisho mkewe hakuweza kutembea. Yeye ndiye aliyekuwa akimwogesha, akimlisha na kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu jioni wakapunge upepo.

Chini ya turubai, mzee mmoja alimpa mkono akamwambia, “Pole mwanangu, kwa kumpoteza mfadhili wako.” Nyuma yangu vijana wawili walikuwa wakinong’onezana. Mmoja aliuliza kama huyu naye ni mjane. Mwenzake akamjibu, “Mjane wapi? Huyo ni mjanja!” Wakacheka, na wazee waliosikia wakatabasamu.

Mimi ni mtu wa lugha, na nakiri kwamba mchezo ule wa sauti ulinivutia kabla haujaniudhi. Mjane na mjanja: konsonanti moja imeongezwa na irabu moja imebadilishwa, na mtu amepokonywa msiba wake. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyachunguza maneno tunayoyatumia Pwani Kusini kuwataja watu ambao mapenzi yao hayafuati mkondo tuliouzoea, hasa kijana wa kwetu na mwanamke wa Ulaya aliyemzidi umri. Nimebaini kwamba tuna msamiati mpana wa kuwakejeli na msamiati finyu mno wa kuwataja tu, bila kuongeza chumvi.

Tuanze na bichi boi. Msomaji wa leo huenda asilishtukie neno boi, lakini wazee wetu wanalijua. Enzi za ukoloni, mwanamume mwenye wajukuu aliitwa boi jikoni kwa Mzungu. Neno hilo lilimnyima utu uzima hata angekuwa na mvi. Tulipopata uhuru tuliliona ni tusi, tukaliacha, kisha tukaliokota tena ufuoni Diani. Mwanamume wa miaka arubaini na mitano anayeuza vinyago au kuwatembeza wageni kwenye miamba bado ni boi. Wenyewe wakijiita wafanyabiashara wa ufuoni tunawacheka, kana kwamba wamejivika kanzu isiyo yao.

Kitenzi tunachokipenda ni kuopoa. “Fulani kaopoa mzungu.” Kuopoa ni kutoa kitu majini, na si ajabu watu wa bahari wakalitumia kwa mapenzi, vijana husema hivyo hata wanapopata wachumba wa hapahapa. Tofauti inajitokeza katika kauli inayofuata: “Siku hizi ana mzungu.” Hatusemi ana mke. Tunasema ana mzungu, kama tunavyosema ana pikipiki. Marehemu wa Ukunda aliishi pale zaidi ya muongo mmoja, akajifunza kusonga sima, akasalimia kwa Chidigo, lakini hadi anazikwa alikuwa “mzungu wa Fulani”. Neno mke lilibaki kwenye cheti cha kadhi.

Halafu kuna ajuza. Kamusi zetu zinatoa jozi: ajuza kwa mwanamke mkongwe, shaibu kwa mwanamume mkongwe. Ni lini mara ya mwisho, mpenzi msomaji, umesoma “shaibu” katika habari ya mwanamume wa miaka sabini aliyeoa msichana wa ishirini? Huyo huwa mzee, buda, au mubaba, na wapo watakaomtetea kwa methali kwamba ng’ombe hazeeki maini. Mwanamke wa rika hilo hilo ni ajuza, na kijana aliye naye ni kibenteni, jina lililotoholewa kutoka kwa Ben 10, mhusika wa katuni aliye mtoto wa miaka kumi, kisha likatiwa kiambishi ki- cha udogo. Kwa hiyo wapenzi wawili watu wazima wamegeuzwa kizee na kitoto. Sisi tunaoandika magazetini hatuna pa kujificha hapa. Kurasa zetu za dondoo na uvumi zimestawi kwa maneno haya.

Sanaa nayo haijatusaidia sana. Mwaka 2012 mwelekezi wa Austria, Ulrich Seidl, alitoa filamu Paradies: Liebe, iliyopigwa katika pwani yetu. Teresa, anayeigizwa na Margarete Tiesel, ni mwanamke wa miaka hamsini anayekuja likizo Kenya akitafuta kutazamwa kwa jicho la mapenzi. Anampata Munga, anayeigizwa na Peter Kazungu. Munga anamtambulisha kwa mwanamke mwenye mtoto mchanga na kumwambia kuwa huyo ni dada yake. Baadaye Teresa anagundua kwamba “dada” ni mke. Seidl ni hodari wa kuonyesha jinsi neno moja la udugu, ambalo kwetu hutumika kwa heshima hata kwa mtu baki, linavyoweza kugeuzwa pazia. Ni hodari pia wa kuonyesha dharau ya wageni, wanaomchezea mhudumu wa baa kwa kumtamkisha maneno ya Kijerumani asiyoyaelewa.

Hata hivyo nina ugomvi na filamu hiyo. Ndani yake kila mtu ni muuzaji au mnunuzi. Hatupewi nafasi ya kumsikia yule “dada” akisema lolote la maana kuhusu maisha yake, na hakuna hata uhusiano mmoja unaodumu kupita likizo. Mtazamaji wa Vienna anaondoka akiamini ameijua Pwani. Cha kusikitisha ni kwamba maoni ya Seidl na ya wale vijana wawili chini ya turubai ni yaleyale.

Najua nitakachoambiwa. “Mwalimu, wewe waishi wapi? Hujui yanayotendeka Diani?” Nayajua. Ripoti ya UNICEF na serikali ya Kenya ya mwaka 2006 ilikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 katika Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani walikuwa wakijihusisha na biashara ya ngono kwa nyakati mbalimbali, na ikataja wazi kwamba miongoni mwa wateja walikuwamo wenyeji, si watalii pekee. Hayo hayafai kufunikwa na mtu yeyote.

Ila hapo ndipo penye hoja yangu. Tukiyafumbata mambo matatu kwa kauli moja, “mambo ya wazungu”, tunamkosea kila mtu. Mtu mzima akimlipa mtu mzima kwa usiku mmoja, hiyo ni biashara, na aijadili anayetaka. Mtu mzima akiwa na mtoto wa miaka kumi na minne, huo hauitwi uhusiano wala “kuwa na mzungu”. Ni jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006, awe mhalifu ni mgeni au ni jirani yetu. Watu wazima wawili waliooana na kutunzana, hiyo ni ndoa. Lugha isiyotenganisha hayo inampa mhalifu neno laini la kujifichia na inamrushia mume halali jiwe ambalo halikumstahili. Mtoto na yule mfiwa wa Ukunda wote wanaumizwa na uvivu uleule wa kutaja vitu.

Wala tusisingizie dini na mila. Kila mtoto aliyepitia madrasa Kwale amefundishwa kwamba Bi Khadija alikuwa mjane, tajiri, mwajiri wa Mtume Muhammad (S.A.W) katika biashara, na kwamba posa ilitoka kwa upande wake. Mapokezi mashuhuri yanasema alikuwa na miaka arubaini, Mtume ishirini na mitano. Silinganishi watu, nasema tu kwamba umri na mali ya mke havikuwa aibu katika ndoa tunayoiheshimu kuliko zote. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 nayo inataka wanaooana wawe wametimiza miaka 18. Haisemi popote kwamba mume lazima awe mkubwa kwa mke. Methali zetu zenyewe, kipendacho moyo ni dawa, hazikuwahi kuuliza cheti cha kuzaliwa.

Kiswahili kina neno mgane, yaani mwanamume aliyefiwa na mkewe. Limo kamusini, ingawa katika mazungumzo wengi hutumia mjane kwa wote wawili. Ningependa walimu walifufue madarasani na wahariri walitumie. Si neno zito. Halimsifu mtu wala halimtetei. Linasema tu kilichomfika.

Siku ile, kabla ya kuondoka, nilimwendea nikampa mkono. “Pole kwa kufiwa na mkeo,” nikamwambia. Alinishika mkono kwa muda mrefu, kisha akasema, “Ahsante, mwalimu. Tangu jana wewe ni wa pili kumwita hivyo.” Nikamuuliza wa kwanza alikuwa nani. “Mchimba kaburi,” akanijibu. “Aliuliza, ‘Mke wako alikuwa na urefu gani?’”