Kukimbia au Kubaki? Uhakiki wa Rai za Wasikilizaji Kuhusu Albamu "Blows Against the Empire"

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, huenda ukashangaa kukuta albamu ya roki ya Marekani katika kurasa za fasihi. Sababu ni mbili. Kwanza, wanafunzi wengi wanapoambiwa "toa maoni yako" hudhani kwamba kupenda au kuchukia ni hoja. Pili, albamu hii inafunguliwa na wimbo uitwao "Mau Mau (Amerikon)", na jina Mau Mau ni letu. Makala haya yanadhamiria kupima rai nne zinazotolewa kuihusu, ili tuone ni ipi inayosimama juu ya ushahidi.

Usuli

Albamu hii ilitolewa na Paul Kantner mwezi Novemba 1970. Alishirikiana na Grace Slick na wanamuziki wengine wa San Francisco, wakiwemo Jerry Garcia na David Crosby. Ni albamu dhana, yaani nyimbo zake zimekusudiwa kuzunguka wazo moja. Mtindo wake ni roki ya saikedeliki, muziki wa njozi unaochanganya sauti hata msikilizaji akajihisi yumo katika ulimwengu mwingine. Kisa chake ni bunilizi ya kisayansi. Chombo kikubwa cha angani kinatarajiwa kuwa tayari kufikia mwaka 1990. Vijana wapatao 7,000, waliochoshwa na utawala wao, wanakiteka na kwenda kutafuta makao mapya mbali na dunia.

Usidhani safari za angani zilikuwa hadithi za ugenini tu. Tarehe 12 Desemba 1970, mwezi mmoja baadaye, setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Jina hilo liliadhimisha uhuru wa Kenya.

Rai ya kwanza: "Ni kelele tupu"

Wanaosema hivi hutaja "Home" na "X M", vipande viwili visivyo na maneno, vyenye milio na mingurumo tu. Je, pasipo maneno hapana maana? Mtu wa Kwale aliyewahi kusikiliza sengenya hawezi kukubali. Nzumari haitamki neno, lakini wachezaji huifuata na hisia zikapanda. Vivyo hivyo, mingurumo ya albamu hii inachora mandhari na kujenga taharuki: chombo kinajiandaa, kisha kinaondoka. Rai hii inaeleza ladha ya msikilizaji, haielezi kazi yenyewe.

Rai ya pili: "Nyimbo haziungani"

Hapa pana ushahidi. Utekaji wa chombo unasimuliwa katika upande wa pili wa sahani. Katika upande wa kwanza umo "The Baby Tree", wimbo ambao Kantner hakuutunga; ni wa Rosalie Sorrels. Hata hivyo, mhakiki asikimbilie kuhukumu. Katika "A Child Is Coming" wazazi watarajiwa wanaazimia kumficha mtoto wao asiingie katika daftari za serikali. Mtoto huyo ndiye anayeipa safari sababu, na wimbo wa mti wa watoto unatangulia kututayarishia habari zake. Msuko ni legelege, lakini dhamira inaungana. Kwa hivyo rai hii ina ukweli nusu.

Rai ya tatu: "Ilinyimwa tuzo, basi haifai"

Mwaka 1971 albamu hii iliteuliwa kuwania tuzo ya Hugo, inayotolewa kwa kazi za bunilizi ya kisayansi, katika kitengo cha maigizo. Wapigakura waliamua kutompa tuzo mshindani yeyote. Ukisema uamuzi huo unathibitisha udhaifu wa albamu, itakubidi useme hivyo pia kuhusu filamu zilizowania nayo. Kura hutuambia wasikilizaji wa wakati fulani walichagua nini. Haituambii kwa nini, na "kwa nini" ndiyo kazi ya uhakiki.

Rai ya nne: "Ni sifa za kukimbia"

Hii ndiyo rai nzito, na sisi tuna haki ya kuisema kwa sauti. Mau Mau waliingia msituni ili ardhi irudi kwa wenyewe. Msitu ulikuwa kituo cha mapambano, na nia ilikuwa kurejea. Vijana wa albamu hii wanaanza kwa kujivika jina la wapigania ardhi, halafu wanamalizia kwa kuiacha ardhi yote, pamoja na wale wasiopata nafasi chomboni. Hicho ni kinaya, na sioni dalili kwamba mtunzi alikikusudia.

Mwanafunzi wa Kikoneni atakihisi kinaya hicho upesi. Anasoma karibu na Mlima Mrima, msitu wa kaya wenye madini adimu ardhini. Leseni ya uchimbaji ilifutwa mwaka 2013 na mzozo ukafika katika usuluhishi wa kimataifa. Kwake, swali "ardhi hii ni ya nani?" halikutoka katika karatasi ya mtihani. Hana chombo cha kuteka, wala hahitaji kuambiwa kwamba ukombozi uko nyuma ya jua.

Linganisha na riwaya ya Walenisi (1995) ya Katama Mkangi. Mhusika wake Dzombo, mwenye jina la kilima kilicho jirani na Mrima, naye husafiri angani. Lakini yeye hakuchagua kuondoka. Anatiwa chomboni kama adhabu. Anakofika kunaitwa Walenisi: wale ni sisi. Jina hilo linamrudisha msomaji nyumbani na kumtaka aulize kwa nini jamii yake isiwe hivyo. Mkangi anatumia anga kama kioo. Kantner anaitumia kama mlango wa kutokea.

Haki itendeke. Vita vya Vietnam vilikuwa vikiendelea, na kwa kijana wa Marekani kukataa kushiriki lilikuwa pigo dhidi ya dola. Ndiyo maana ya anwani ya albamu. Lakini pigo la mtu aliyeondoka humwachia aliyebaki dola ileile.

Hitimisho

Kifani, albamu hii imefaulu zaidi ya wanavyokiri wanaoiita kelele. Kimaudhui, imeazima jina ambalo haikuwa tayari kulibeba. Mtahiniwa, ukiulizwa maoni yako, taja rai, toa ushahidi kutoka kazi yenyewe, kubali panapostahili, kisha uhukumu. Nawe mwalimu, wape wanafunzi swali hili:

"Safari ya kwenda mbali yaweza kuwa njia ya kuikosoa jamii au ya kuikwepa." Jadili kwa kurejelea riwaya ya Walenisi na kazi nyingine moja. (alama 20)