Seva Mpya, Mkoa Mpya, Ripoti ya Zamani

Mpanda ilikuwa sehemu ya mkoa wa Tabora. Mwaka 1974 ikaingia Rukwa, na mwaka 2012 ikawa makao makuu ya mkoa mpya wa Katavi. Mkazi wa kata ya Kashaulili au Makanyagio mjini Mpanda hakuhama nyumba hata mara moja. Kilichobadilika kwake ni jina la mkoa kwenye barua. Programu ya ripoti za afya haina wepesi huo. Zahanati ikihamishwa mkoa au halmashauri, kila jumla iliyowahi kupigwa inaguswa, na mara nyingi athari haionekani siku ya mgawanyo. Huonekana miaka kadhaa baadaye, siku fundi anapoihamishia hifadhidata kwenye seva mpya, na hapo lawama zote humwangukia yeye.

Mfumo ninaouchambua ni DHIS2, unaobeba takwimu za MTUHA, yaani taarifa za uendeshaji wa huduma za afya nchini. DHIS ya kwanza ilitengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1990 juu ya Microsoft Access: kila ofisi na kompyuta yake, kila kompyuta na faili lake. DHIS2 iliandikwa upya kwa Java chini ya uratibu wa Chuo Kikuu cha Oslo, na kwa upande wetu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikawa mshirika. Kenya ilitangulia kuuweka mfumo wa nchi nzima mtandaoni mwaka 2011. Tanzania Bara ilianza na majaribio mkoani Pwani, na kufikia mwisho wa 2013 mikoa yote ilikuwa imeingia. Kwa Katavi, uamuzi wa kutumia seva moja ya taifa ulikuwa wa busara kuliko watu wanavyoukubali. Mpanda ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa ikitegemea jenereta za TANESCO, na hifadhidata inayozimwa ghafla kila umeme unapokatika haina maisha marefu. Mratibu wa MTUHA wa halmashauri anahitaji kivinjari na mtandao tu. Mashine iko mbali, mikononi mwa wengine.

Lakini seva moja ikihamishwa, imehamishwa kwa wote. Na hapo matatizo huja ya aina mbili: yanayopiga kelele na yanayonyamaza.

Ya kelele nayapitia haraka, kwa sababu faili la logi huyasema yenyewe. La kwanza ni programu kukataa kuingia kwenye hifadhidata, ikiandika: "The authentication type 10 is not supported." Fundi mgeni hubadilisha neno la siri, kisha hulibadilisha tena, na hakuna kinachosogea, kwa sababu neno la siri halina kosa. Kuanzia toleo la 14 la PostgreSQL, programu ya hifadhidata inayotumiwa na DHIS2, lililotoka mwaka 2021, maneno ya siri huhifadhiwa kwa njia ya SCRAM-SHA-256 badala ya MD5, na kiunganishi cha zamani cha JDBC hakiijui njia hiyo. Tiba ni kuweka kiunganishi kipya, kuanzia 42.2.0 kwenda mbele. Wapo wanaoirudisha seva kwenye MD5 ili kazi iende. Itaenda, ila umenunua seva mpya na kuifungia kufuli la zamani.

La pili ni kosa la ruhusa. PostgreSQL 15 ya mwaka 2022 iliondoa haki ya kila mtumiaji kuunda majedwali ndani ya skima iitwayo public. DHIS2 huunda na kufuta majedwali kila usiku. Ikihamishwa bila mtumiaji wake kupewa umiliki au haki hiyo, wahudumu wataingia, wataandika takwimu, zitahifadhiwa. Ila kazi ya usiku itaishia njiani na dashibodi za asubuhi zitabaki na namba za jana, za juzi, au hazitakuwa na kitu. La tatu ni fonti. Ripoti za JasperReports, injini ya ripoti iliyo ndani ya DHIS2, zilizochorwa kwa Arial kwenye kompyuta ya Windows zinakuta seva ya Linux isiyo na Arial wala skrini, na injini inagoma ikisema fonti hiyo haipo. Weka fonti, weka na kifurushi cha fontconfig, washa upya.

Yanayonyamaza ndiyo yenye kazi. Mfano mmoja wa kiufundi tu, kabla sijafika kwenye kiini. Kuna njia mbili za kuhamisha hifadhidata ya PostgreSQL: kuitoa kwa pg_dump na kuirejesha upya, au kunakili folda nzima ya data kama ilivyo. Ya pili inavutia kwa sababu ni ya haraka. Tatizo ni kwamba maktaba ya glibc, ambayo Linux huitumia kupanga maneno kwa alfabeti, ilibadilisha mpangilio wake kuanzia toleo la 2.28 la mwaka 2018. Ukitoa folda kwenye Ubuntu 18.04 na kuiweka kwenye 20.04, faharasa za maandishi zitakuwa zimepangwa kwa utaratibu ambao mashine mpya haiufuati. Matokeo yake, kituo kipo kwenye jedwali, unakiona kwa macho, lakini ukikitafuta kwa jina unaweza kuambiwa hakipo. Hakuna ujumbe wowote wa kosa. Amri ya REINDEX hulimaliza, ila lazima mtu awe ameshuku.

Sasa kiini. DHIS2 haipigi jumla kutoka kwenye takwimu ghafi kila mtu anapofungua ripoti. Ingekuwa nzito mno. Huandaa mapema majedwali yenye majumla na yenye ramani ya vituo: zahanati hii iko halmashauri ipi, halmashauri iko mkoa upi. Jedwali la ramani kwa miaka mingi liliitwa _orgunitstructure, lenye safu kama idlevel2 na idlevel3, na ripoti nyingi za zamani za Jasper zinalitaja kwa jina ndani ya amri zake za SQL. Juu ya hapo kuna mitazamo ya SQL (views) ambayo mtaalamu fulani aliiunda zamani kwa ajili ya ripoti fulani. Mingine ni ya kuhifadhiwa, yaani hubaki na matokeo ya siku ilipoburudishwa mara ya mwisho, hata ikiwa ni miaka mitano iliyopita.

Fundi anayefuata mwongozo, anapotoa hifadhidata kwa pg_dump, huyaacha majedwali yote yanayoanza na analytics na yale yanayoanza na mstari wa chini. Ana sababu nzuri: ni makubwa, na yanaweza kuundwa upya. Lakini mitazamo ya SQL nayo majina yake huanza na _view, kwa hiyo inaachwa pamoja nayo. Ikirejeshwa seva mpya, maelezo ya mtazamo yapo kwenye orodha, mtazamo wenyewe haupo. Ripoti inayoutegemea inagoma, fundi anabofya uundwe upya, ripoti inafunguka. Kila mtu anapumua. Na hapo ndipo namba zinapokuwa zimebadilika bila mtu kujua.

Zimebadilika kwa nini? Kwa sababu mti wa vituo katika DHIS2 hauna kumbukumbu ya wazazi waliopita. Kituo kina mzazi mmoja, wa leo. Ukikihamisha kutoka Halmashauri ya Mlele kwenda Mpimbwe, takwimu zake zote, hata za miaka ambayo Mpimbwe haikuwepo, zinahama nacho. Mtazamo uliohifadhiwa kabla ya Mpimbwe kutoka Mlele uliendelea kuonyesha Mlele nzima, nzee, siku baada ya siku, kwenye seva ya zamani. Ulipoundwa upya ulichukua ramani ya leo. Mlele ya mwaka 2014 ikapungua ghafla. Mganga Mkuu anauliza takwimu zimeenda wapi. Jibu ni kwamba hazijaenda popote, ila uhamisho wa seva umesingiziwa mabadiliko yaliyofanyika miaka mingi nyuma kwa tangazo la serikali.

Majina yana mtego wao. Iliyokuwa Halmashauri ya Wilaya ya Mpanda sasa ni Tanganyika, makao yake Majalila. Ripoti ya zamani iliyochuja kwa namba ya ndani ya halmashauri haitayumba, kwa sababu namba haibadiliki jina likibadilika. Iliyochuja kwa jina, ikitafuta maandishi "Mpanda DC", italeta ukurasa mweupe wenye kichwa kizuri na nembo, bila kosa lolote. Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, ni mfano unaonifurahisha. Adrian Atiman, tabibu aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto na kusomeshwa udaktari Malta, alifika hapo mwaka 1889 na kuhudumu hadi alipofariki mwaka 1956. Watu wametibiwa Karema kabla ya mikoa yetu yote kubuniwa. Kwenye ripoti iliyoandikwa vibaya, tarafa nzima ya huko inaweza kutoweka kwa sababu ya herufi nane.

Basi unapambanuaje kosa la seva na kosa la ramani? Ninachokipendekeza si cha kitaalamu sana. Tafuta ripoti iliyochapishwa kwenye karatasi kabla ya uhamisho. Ofisi zetu haziishiwi karatasi. Chagua kituo kimoja, mwezi mmoja, kiashiria kimoja: waliojifungulia kituoni Machi 2014, kwa mfano. Soma namba hiyo kwenye jedwali la datavalue, ambako takwimu ghafi hukaa, kisha kwenye jedwali la majumla, kisha kwenye karatasi. Ghafi ikitofautiana na karatasi, umepoteza data njiani, au kuna mtu aliirekebisha baadaye. Rudi kwenye nakala ya akiba. Ghafi ikilingana na karatasi lakini jedwali la majumla linasema vingine, kazi ya usiku haijakamilika, angalia ruhusa. Zote tatu zikilingana kwa kituo lakini jumla ya halmashauri ikawa tofauti, acha kuigusa seva. Tatizo ni mti.

Mti haurudishwi nyuma. Wengine hushawishika kuihamisha zahanati irudi kwa mzazi wake wa zamani, wachape ripoti, kisha waihamishe tena. Huo ni mchezo wa hatari kwenye mfumo ambao nchi nzima inautumia saa hiyohiyo. Njia safi ni makundi. DHIS2 inaruhusu kituo kuwa ndani ya kundi lolote bila kujali mzazi wake, kwa hiyo unaunda kundi la "Mlele kabla ya mgawanyo", unaweka humo vituo vya Mlele na Mpimbwe vya wakati ule, na ripoti ya kulinganisha miaka inasoma kundi badala ya halmashauri. Hivyohivyo kwa Mbeya ya kabla ya Songwe kutoka mwaka 2016. Ni kazi ya mchana mmoja, lakini inamhitaji mtu anayezijua zahanati kwa majina na anayekumbuka ipi ilikuwa ya nani. Mtu huyo hayupo kwenye chumba cha seva. Yuko Mpanda, Inyonga au Majalila, na ndiye wa kupigiwa simu kabla ya uhamisho.

Kuna na saa. Seva nyingi mpya huwekwa kwenye saa ya UTC, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Mhudumu anayesubiri mtandao utulie na kuingiza ripoti saa nane usiku wa kuamkia tarehe moja, seva inamwandikia tarehe ya jana. Kwa idadi ya wagonjwa haidhuru kitu. Kwa ripoti ya uwasilishaji kwa wakati inaweza kuharibu hesabu za siku ya mwisho, tena kwa kuwapendelea waliochelewa, ndiyo maana hakuna anayelalamika. Weka Africa/Dar_es_Salaam kwenye mfumo wa uendeshaji na kwenye Java pia. Kimoja bila kingine huleta fujo zaidi.

Kuzirekebisha ripoti zenyewe za Jasper kuna ugumu wake. Nyingi zilichorwa kwa iReport, programu iliyoachwa kuhudumiwa mwishoni mwa 2015 na isiyokubali Java 8 wala zilizofuata. Mrithi wake ni Jaspersoft Studio, lakini angalia toleo: kuanzia la 7, la mwaka 2024, muundo wa JRXML, yaani faili la mchoro wa ripoti, ulibadilishwa, na faili ulilolihifadhi humo injini ya zamani iliyo ndani ya DHIS2 haitalisoma. Tumia Studio ya toleo la 6. Mara nyingi hata hiyo hutaihitaji. JRXML ni maandishi matupu. Jina la jedwali likiwa limebadilika, kama lilivyobadilika lile la _orgunitstructure kwenye matoleo mapya ya DHIS2, unalifungua kwa kihariri chochote, unabadilisha neno, unalipakia tena.

Seva ya zamani ibaki imewashwa, ikiwa ya kusoma tu, hadi robo mwaka ipite na, ikiwezekana, hadi Julai. Ripoti za robo na za mwaka wa fedha huita mitazamo ambayo ripoti za mwezi haziigusi kabisa, na ile ya mwaka hufunguliwa mara moja tu, wakati halmashauri inafunga hesabu za mpango wake wa afya Juni 30.