Kongo Si Pombe ya Kienyeji

Wanafunzi wetu wanaotoka Rubongi, Nagongera, Malaba na Busia, wakipewa insha kuhusu mila na desturi za kwao, huandika Kiswahili chenye sarufi safi na papo hapo huwatia babu zao hatiani. Kongo huitwa pombe ya kienyeji. Jathieth huitwa mchawi. Maombi kwa Were huitwa ushirikina, na sherehe ya mapacha huambiwa kuwa ilijaa nyimbo chafu. Mwalimu husahihisha upatanisho wa ngeli, akatia alama, akapita. Katika makala haya tunadai kwamba kosa kubwa zaidi katika insha hizo ni la msamiati, na kwamba mwanafunzi hakulizua yeye. Amelipokea kutoka vitabu vya kiada na kutoka kwetu walimu.

Tuanze na ushirikina. Neno hili linatokana na Kiarabu, shirki, yaani kumpa Mwenyezi Mungu mshirika. Ni hukumu ya kidini, wala si jina la kitendo. Mtu wa dini ana haki ya kulitumia anapohubiri, lakini mwandishi anayetaka kueleza lililofanyika uani mwa nyumba ya bibi yake hajaeleza kitu akishaliandika. Mbuzi alichinjwa na nani? Alisimama wapi? Alisema nini? Hayo yote hupotea ndani ya neno moja.

Kuhusu jathieth, Kiswahili chenyewe kinatushitaki. Watu wa pwani hawajapata kuchanganya mganga na mchawi; mmoja huponya, mwingine hudhuru. Dhopadhola nayo hutofautisha jathieth na jajwok kwa namna iyo hiyo. Lugha mbili zinakubaliana, halafu insha inakuja kuvuruga zote mbili! Okot p'Bitek alikwisha kuonya juu ya hatari ya namna hii. Alisimulia jinsi wamisionari walivyowauliza Waacholi ni nani aliyewafinyanga, nao wakamtaja Rubanga, nguvu inayosadikiwa kupinda mgongo wa mtu. Jina hilo likaingia katika maombi kama jina la Mungu. Swali lilikuwa la mgeni, na jibu likabaki kwa wenyeji.

Hoja ya kongo inahitaji nafasi zaidi. Neno pombe peke yake halina ubaya, ila tukiliongezea "ya kienyeji" tunapata lugha ya askari na hakimu, lugha ya msako na faini. Kongo ya ulezi hunywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, maji moto yakiongezwa kadiri kinavyopungua, na watu wamekaa wakizunguka chungu. Hapo pana mpangilio wa nani akae karibu na nani, nani aonje kwanza, na mkwe gani asikae chungu kimoja na nani. Kwa majirani zetu Waiteso wa upande wa Kenya, Ivan Karp aliandika mwaka 1980 makala nzima kuhusu unywaji huu, akionyesha kwamba kukaa penye chungu ni kukiri udugu na ujirani, pamoja na hofu zilizomo ndani ya udugu huo. Msomi wa kigeni aliona jamii nzima katika chungu kile; mwanafunzi wetu aliyezaliwa hatua kumi kutoka chunguni anaona ulevi tu.

Je, Kiswahili kinaweza kusimulia mambo haya bila kuyahukumu? Kinaweza, na kimeshafanya hivyo. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe, ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980 katika juzuu mbili kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Wapo wanaoilalamikia kuwa inakwenda polepole mno. Sisi twaona polepole hiyo ndiyo nguvu yake. Myombekere anapotakiwa na wakwe zake apeleke pombe ya ndizi ili arudishiwe mkewe, msomaji hupitishwa katika kazi yote ya kuitengeneza, hata anajua kwa nini kinywaji hicho kinatosha kuwa fidia. Kibuguma anayemtibu Bugonoka ni mganga, naye anaonekana akifanya kazi ya uganga. Kitereza alisomea kwa mapadri na alibaki Mkristo. Imani yake haikumlazimu kuwakana wazee wake katika kila ukurasa.

Wengine hupendekeza Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Kwa ufasaha hakina mfano, nasi tungependa kila mwalimu akisome. Hata hivyo tukisome macho wazi: Bagamoyo ile iliwatazama watu wa bara kuwa washenzi, na sisi wa Rubongi tungekuwa wa bara kabisa. Kwetu Kiswahili kilitangulia kusikika kutoka kambi ya jeshi, kikiamuru. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda liamue mwaka 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima, kinawafikia watoto ambao watakitumia kusimulia nyumba zao.

Nyimbo za mapacha tuziite nyimbo za matusi, kwa kuwa matusi yamo kweli, ila tuongeze kwamba yanaruhusiwa kwa sababu Opio na Odongo, au Apio na Adongo, wamezaliwa.

Limebaki jina la Were. Jopadhola humtaja Were Madiodipo, wa nyumbani, na Were Othim, wa porini. Othim haisumbui sana. Lakini diodipo tuitafsirije? Wengi huandika "uani", nasi tumeandika hivyo hapo juu kwa makusudi. Ua wa pwani umezungushiwa kuta na uko nyuma, mahali pa jiko na wanawake. Diodipo ni uwanja ulio wazi katikati ya boma, mbele ya milango, ambapo mgeni hupokewa na maiti hulazwa. Sisi tungeliacha jina lilivyo, Were Madiodipo, kisha tumwambie mwanafunzi auchore uwanja wenyewe kwa sentensi tatu au nne.